Bunduki ni yangu, kelele si zangu

Nina bunduki mbili nyumbani kwangu hapa Fort Worth, Texas. Ya kwanza ni bastola ya milimita 9 niliyoinunua dukani. Ya pili ni shotgani niliyouziwa na jirani aliyekuwa anahamia Oklahoma. Kuipata bastola nilijaza fomu namba 4473 ya serikali kuu, yenye maswali mfululizo: umewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, unatumia bangi, umewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenza wako, wewe ni raia au mgeni, na kama ni mgeni mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, namba yako ni ipi. Muuzaji akaingiza jina langu kwenye mfumo wa FBI, tukakaa tunazungumzia mvua, majibu yakarudi, nikalipa. Shotgani ilinichukua muda wa kumaliza soda moja. Jirani aliomba aone leseni yangu ya udereva ili ajue mimi ni mkazi wa Texas, nikamwonyesha, pesa zikahama mkono. Hapakuwa na fomu wala simu kwa mtu yeyote, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kila yanapotokea mauaji shuleni huku, ndugu zangu wa Dar es Salaam na rafiki zangu wa Nairobi hunipigia na swali lile lile: hawa Wamarekani kwa nini wasizikusanye hizo bunduki, wakaishi kwa amani? Nikiwaambia mimi mwenyewe ninazo mbili, simu inakuwa kimya kidogo. Halafu mtu anacheka na kusema, "Basi umeshakuwa mwenzao."

Ni kweli, na pia si kweli, ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu. Naunga mkono haki ya mtu mzima, mwenye akili timamu na asiye na rekodi ya ukatili, kumiliki silaha ya kujilinda. Naamini pia kwamba yale mauzo ya soda moja yangepaswa kupitia kwenye mfumo ule ule uliopitisha bastola yangu. Ninaoishi nao, wenye bunduki kama mimi, wengi wao hawaoni shida kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Ila ukisikiliza wale wanaosema kwa niaba yetu, utadhani hatupo.

Barua zilianza wiki chache baada ya kununua bastola. Sijui anwani yangu waliipataje. Labda kutoka klabu ya shabaha niliyojiandikisha. Vyama vya watetezi ni vingi na sitavitaja vilivyoniandikia. Bahasha huja na maandishi mekundu ya kuhimiza haraka, ndani kuna barua ya kurasa nne yenye mistari iliyopigiwa wino chini, na mwisho fomu ya mchango: dola 25, 50, 100. Nilizihifadhi kwenye boksi la viatu. Jioni moja nikazipanga mezani na kuzihesabu, zikafika kumi na saba. Kumi na nne zilisema kuna watu wanakuja kuninyang'anya. Mbili zilinialika kwenye mkutano wa chakula cha jioni. Moja ilikuwa ya bahati nasibu, zawadi yake bunduki. Hakuna hata moja iliyosema niifungie silaha mahali ambapo mtoto wangu wa miaka sita hataifikia.

Mimi nimekulia Tunduru, mkoa wa Ruvuma, kwa babu aliyekuwa na gobore. Kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe pori na nyani kwenye mahindi. Baruti aliiweka kwenye pembe, vipande vya chuma kwenye kopo la maziwa ya unga, na gobore lenyewe lilining'inia juu ya kitanda chake ambako hakuna mjukuu aliyethubutu kusogea. Alikuwa akipanda lori kwenda wilayani kulipia leseni, na akirudi husema, "Hii ni ya serikali, mimi naifuga tu." Kwa sheria za kwetu alikuwa sahihi. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Zote mbili zinaanzia mahali pamoja: silaha ni kitu unachoombea ruhusa, ukiwa na sababu, na aliyekupa anaweza kuichukua.

Marekani wanaanzia upande wa pili wa mto. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ni sentensi moja ya maneno 27 kwa Kiingereza. Kwa lugha yetu inakaribia hivi: kwa kuwa mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu kumiliki na kubeba silaha haitaingiliwa.

Msomaji wa Tanzania akisikia "mgambo" anamwona kijana mwenye rungu anayekimbizana na machinga Kariakoo. Mgambo wa 1791 walikuwa wanaume wa kijiji wenyewe, kila mmoja na bunduki yake ya nyumbani, wakiitwa kukiwa na vita au uasi. Na kusini mwa nchi, kuwadhibiti watumwa ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Swali lililowagawa wanasheria kwa zaidi ya karne mbili ni hili: nusu ya kwanza ya sentensi inaifunga nusu ya pili, au inaitangulia tu? Kama inaifunga, haki ni ya mgambo, na mgambo wa namna ile haupo tena. Kama inaitangulia tu, haki ni ya kila mtu.

Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilijibu tarehe 26 Juni 2008, katika kesi ya mlinzi wa Washington aitwaye Dick Heller. Bwana huyu alikuwa akibeba bastola kazini, akilinda jengo la serikali, lakini sheria za mji zilimkatalia kuwa nayo nyumbani kwake. Majaji watano kwa wanne wakasema haki ni ya mtu binafsi. Jaji Antonin Scalia ndiye aliyeandika hukumu, na watetezi wakali wa bunduki humnukuu kama maandiko. Sijaona hata barua moja kati ya zile kumi na saba ikinukuu sehemu ile nyingine ya hukumu hiyo hiyo, anaposema haki hii, kama haki nyingi, ina mipaka, na kwamba marufuku kwa wahalifu waliohukumiwa, wagonjwa wa akili, au kubeba silaha shuleni na kwenye majengo ya serikali hayakuguswa.

Baadaye zikaja kesi nyingine. Ya mwaka 2022, maarufu kwa jina la Bruen, ilisema sheria yoyote ya silaha lazima ifanane na desturi za kihistoria za nchi, ikawatia majaji wa mahakama za chini kazi ya kufukua makabati ya karne ya 18. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Rahimi, majaji wanane kwa mmoja walikubali kwamba mtu aliyewekewa zuio la mahakama kwa kutishia mwenza wake anaweza kunyimwa silaha. Aliyepinga peke yake ni Jaji Clarence Thomas, yule yule aliyeandika Bruen.

Kwa hiyo kisheria jambo hili halina giza linalosemwa. Haki ipo, na mipaka ipo. Kilichobaki ni kubishana mpaka ukae wapi, mabishano ya kawaida kabisa kama ya kodi au ya leseni za udereva. Kilichoyageuza kuwa vita ya makabila ni kitu kingine, na kina tarehe yake.

Chama cha Taifa cha Bunduki, NRA, kilianzishwa New York mwaka 1871 na maofisa wawili wa zamani wa jeshi la Kaskazini, William Church na George Wingate. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka sita nyuma na kilichowaudhi ni kwamba askari wao hawakujua kulenga. Ndiyo sababu yote. Kilikuwa chama cha shabaha, vikombe na viwanja vya mazoezi. Serikali ilipoleta sheria ya 1934 ya kutoza kodi ya dola 200 kwa bunduki za rashasha na shotgani zilizokatwa mitutu, zile za majambazi wa enzi ya kupiga marufuku pombe, rais wa NRA Karl Frederick aliwaambia wabunge kwamba yeye haamini katika watu kuzurura na silaha ovyo, na kwamba kubeba kunapaswa kubanwa sana na kuwa kwa leseni. Kisome tena halafu ukumbuke ni nani alikuwa anasema.

Hata baada ya Rais Kennedy kuuawa mwaka 1963 kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta, kutoka kwenye tangazo lililochapishwa katika gazeti la NRA lenyewe, kiongozi wa chama alikwenda bungeni kuunga mkono kuzuia mauzo ya namna hiyo. Sheria ya 1968, iliyopita mwaka wa kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, chama kiliilalamikia sehemu fulani na kuzivumilia nyingine.

Kundi moja ndani ya chama halikuwa tayari kuvumilia. Mei 1977, kwenye mkutano mkuu Cincinnati, viongozi walikuwa na mpango wa kuhamisha makao makuu kutoka Washington kwenda Colorado Springs, wajikite kwenye uwindaji na mazingira. Wanachama wenye hasira walikuja wamejipanga, wamevaa kofia za rangi ya chungwa za wawindaji ili wajuane ukumbini. Walitumia kanuni za chama chenyewe, kipengele kwa kipengele, hadi karibu saa kumi alfajiri, wakawang'oa viongozi wote waliowataka watoke. Harlon Carter, aliyewahi kuwa mkuu wa Doria ya Mipakani, akashika usukani. Aliyelala mapema usiku ule aliamkia chama kingine.

Sitaki nionekane nasema kila walichofanya baada ya hapo kilikuwa kibaya. Sheria waliyoipigania ya 1986 inaizuia serikali kuu kuweka daftari la wamiliki wa bunduki, na mimi, niliyetoka mahali ambapo daftari la serikali linaweza kubadilika kuwa orodha ya watu wa kutembelewa usiku, naielewa hofu hiyo vizuri kuliko Wamarekani wengi wanaoizungumzia. Ninachosema ni kwamba tangu Cincinnati lugha ilibadilika. Mjadala haukuwa tena kuhusu sheria hii au ile. Ukawa kuhusu wao na sisi.

Mwaka 1995 barua ya NRA ya kuchangisha fedha, yenye sahihi ya mtendaji wake mkuu, Wayne LaPierre, iliwaita maofisa wa serikali kuu wahuni waliovaa mabuti, kwa maneno yaliyowakumbusha watu askari wa Wanazi. Aprili 19 mwaka huo bomu likalipua jengo la serikali Oklahoma City na kuua watu 168, wakiwemo maofisa wa namna ile ile iliyotukanwa. Rais mstaafu George H. W. Bush, mwanachama wa maisha wa NRA, mwindaji, Mrepublican asiyetiliwa shaka, aliandika barua ya kujiuzulu uanachama. Alisema mmoja wa waliokufa alikuwa mlinzi aliyewahi kumlinda yeye. LaPierre baadaye aliomba radhi kwa maneno yale. Barua za kuchangisha hazikupoa.

Mwaka 2000 mwigizaji Charlton Heston, wakati huo rais wa NRA, alisimama jukwaani akainua bunduki ya kizamani ya kushindiliwa baruti na kusema wataitoa mikononi mwake akiwa maiti ya baridi. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nilipoiona video ile kwa mara ya kwanza nilishindwa kujizuia, nikacheka. Kile alichokiinua kilikuwa gobore. Limepambwa zaidi, lakini gobore, ndugu na lile la babu yangu. Babu angemshangaa mzee yule: hakuna nguruwe ukumbini, anapiga kelele za nini?

Tarehe 14 Desemba 2012 kijana aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook huko Connecticut na kuua watoto 20 na watu wazima sita. Wiki moja baadaye LaPierre akatoa ile kauli kwamba mtu mbaya mwenye bunduki huzuiwa tu na mtu mwema mwenye bunduki. Miezi minne baadaye ukaletwa muswada Seneti na Joe Manchin, Mdemokrati wa West Virginia, na Pat Toomey, Mrepublican wa Pennsylvania. Huyu Manchin si adui wa bunduki. Mwaka 2010 alijitangaza kwenye kampeni kwa video akiupiga risasi muswada wa mazingira. Muswada wao ulitaka ukaguzi wa mnunuzi kwenye maonyesho ya bunduki na kwenye mauzo yanayotangazwa mtandaoni. Ndugu na marafiki waliachwa nje. Hata mimi na jirani yangu, tuliokubaliana kwenye uzio bila tangazo, pengine tusingeguswa. Na ndani yake ulisema yeyote atakayetumia kumbukumbu hizo kutengeneza daftari la taifa la wamiliki afungwe hadi miaka 15.

NRA iliupinga, ingawa mwaka 1999 LaPierre mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba ukaguzi kwenye maonyesho ya bunduki ni jambo la busara. Tarehe 17 Aprili 2013 zikapigwa kura 54 za ndiyo dhidi ya 46. Zilihitajika 60.

Kwa nini ukatae kitu ulichokiita cha busara, kinachokulinda na kile unachokiogopa? Nimelitafakari sana hili, na jibu langu ni la kibiashara. Hofu ni bidhaa. Desemba ile ya Sandy Hook mfumo wa FBI ulipokea maombi ya ukaguzi zaidi ya milioni 2.7, rekodi ya wakati huo, kwa sababu watu walikimbilia madukani kabla "hawajafungiwa". Alipoingia Ikulu rais ambaye wenye bunduki hawakumwogopa, mauzo yakashuka, na Machi 2018 Remington, kampuni kongwe kabisa ya bunduki nchini, ikaomba ulinzi wa mufilisi. Sababu zake zilikuwa zaidi ya moja, lakini wauzaji wenyewe huku wanalisema bila aibu: adui akiwa Ikulu, biashara ni nzuri. Chama kinachoishi kwa michango kina shida hiyo hiyo. Tatizo likitatuliwa, bahasha nyekundu ya mwezi ujao itaandikwa nini?

Na michango ilikokwenda tumeona. Mwanasheria Mkuu wa New York alifungua kesi mwaka 2020. LaPierre alijiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba alitumia vibaya fedha za chama na airudishe dola milioni 4.3 hivi. Kesi ilitaja ndege za kukodi na suti za Beverly Hills. Dola 25 za fundi bomba wa Weatherford zilisaidia kununua suti.

Upande wa pili nao una sehemu yake, na hapa baadhi ya rafiki zangu wa mjini huanza kukunja uso. Septemba 2019, kwenye mdahalo wa wagombea wa Democrat uliofanyika Houston, saa nne tu kwa gari kutoka kwangu, Beto O'Rourke alisema waziwazi kwamba ndiyo, watazichukua bunduki ndefu za aina ya AR-15. Alikuwa ametoka kuomboleza watu wa mji wake wa El Paso waliouawa mwezi mmoja nyuma, na uchungu wake ulikuwa wa haki. Lakini sentensi ile moja ilifanya kazi ambayo bahasha elfu moja zisingeweza. Kwa miaka wenye bunduki wa wastani walikuwa wakiwaambia wenzao, "Hakuna anayekuja kuchukua chochote." Sasa mtu amesimama kwenye televisheni ya taifa amesema anakuja.

Kisha kuna dharau ya kutojua. Herufi AR zinatokana na jina la kampuni ya ArmaLite, lakini nimesikia mara nyingi mtu mwenye elimu yake akieleza kwamba maana yake ni bunduki ya mashambulizi, kisha akadai inamimina risasi kama ya jeshini. Ile ya raia hutoa risasi moja kila ukivuta kifyatulio, kama bastola yangu. Mwenye bunduki akisikia hivyo anafunga masikio, anasema huyu hajui anachotaka kukizuia. Na mauaji mengi ya bunduki nchini hufanywa kwa bastola; bunduki ndefu za aina zote, AR zikiwemo, huchukua sehemu ndogo. Haimaanishi AR haina hatari, waulize wazazi wa Uvalde, mji wa Texas ambako watoto waliuawa shuleni kwa bunduki ya namna hiyo. Ina maana ukianza na kosa la msamiati, mwenzako anapata kisingizio cha kutosikiliza hoja.

Ningeweza kuyavumilia yote haya kama siasa za kawaida. Lililonivunja ni jambo la Minnesota.

Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, polisi alilisimamisha gari la Philando Castile, Mmarekani Mweusi, mfanyakazi wa jikoni kwenye shule ya msingi huko St. Paul. Alikuwa na kibali halali cha kubeba silaha. Alifanya kile kile tunachofundishwa darasani: kwa upole, akianza na "bwana", alimwambia ofisa kwamba lazima amjulishe ana bunduki. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi, mchumba wake pembeni, mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Ofisa alishtakiwa, na Juni 2017 akaachiwa huru.

Kama kuna mtu ambaye vyama vya haki za bunduki viliundwa kumtetea, ni huyu. Mwenye kibali, mtulivu, aliyeuawa na mtumishi wa serikali kwa sababu ya silaha halali. NRA ilichukua siku mbili kutoa tamko fupi kwamba taarifa zinasikitisha na uchunguzi ufanyike. Jina lake halikutajwa. Mwaka uliofuata msemaji wake akasema Castile alikuwa na bangi, na bangi pamoja na bunduki ni kosa. Kisheria hakudanganya; swali la bangi nililijaza mimi mwenyewe kwenye 4473. Ila chama kile kile, kilichoweza kuwaita maofisa wa serikali wahuni wenye mabuti kwa kugonga mlango wa mzungu shambani, kilikuwa ghafla kimekuwa mwalimu wa nidhamu.

Historia iliwahi kuonyesha hilo. Mei 1967, wanachama wa Black Panther, kundi la Weusi la kupigania haki, walitembea hadi bunge la California huko Sacramento wakiwa na bunduki waziwazi, kama sheria ya wakati ule ilivyoruhusu. Bunge likaharakisha sheria ya kukataza kubeba silaha iliyojaa risasi hadharani. NRA iliiunga mkono. Gavana aliyeisaini aliitwa Ronald Reagan. Mwaka 2015, huko Georgia, wenye bunduki Weusi wakaanzisha chama chao cha kitaifa, na sishangai.

Mimi nikisimamishwa barabarani nazima gari, nawasha taa ya ndani, nashusha vioo vyote vinne, naweka mikono juu ya usukani vidole vimetanuka. Leseni ya udereva na ya kubeba bastola nimezibana juu, kwenye kizuia jua, nisilazimike kuinama popote. Mke wangu ananiona natangulia kujiandaa kabla ofisa hajafungua mlango wake. Hakuna mwanachama mwenzangu wa klabu ya shabaha, hao wazee wazuri wanaonipa kahawa na kunisahihisha mshiko, anayefanya hivi. Nilipomweleza mmoja wao alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama nadhani vyama vyetu vinajua. Nikamwambia vinajua.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita mbio kwa sababu halina adui wa kumwonyesha kidole. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani. Zaidi ya nusu yao walijiua. Si majambazi, si wauaji wa shuleni. Ni watu, wengi wao wanaume, wakiwemo wengi wa vijijini na miji midogo, waliokuwa na silaha karibu katika saa mbaya. Bahasha nyekundu haziwataji, na mabango ya maandamano ya mjini nayo huwataja kwa nadra.

Waliolishughulikia kwa akili niliowasikia ni wauza bunduki. Mwaka 2009, New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua silaha kwenye duka moja ndani ya wiki moja na kujiua ndani ya saa chache. Mwenye duka hakukimbilia kujitetea. Alikaa na watu wa afya ya jamii na wauzaji wenzake, wakatengeneza mabango na vipeperushi vya kuwekwa kaunta: dalili za kuangalia kwa mteja, namna ya kuahirisha mauzo, na ushauri kwa familia kwamba mtu wako akipita kipindi kibaya, hifadhini silaha zake kwa rafiki hadi hali itulie. Hakuna aliyeambiwa ni mwovu, na hakuna haki iliyopigiwa kura. Wazo hilo limesambaa majimbo mengi, na kwa kuwa limetoka kwa watu wanaonuka mafuta ya bunduki, wenye bunduki wanalisikiliza.

Nalijua kwa sababu limenifikia. Mwaka jana, Jumapili baada ya ibada, Mkongo mmoja tunayesali naye, dereva wa malori aliyefika huku kupitia kambi ya wakimbizi, alinifuata hadi kwenye gari. Ndoa yake ilikuwa imevunjika na usingizi ulikuwa umemkimbia. Kwa Kiswahili chake cha Bukavu akaniambia, "Yaya, unichungie hii," yaani kaka, nitunzie hii, akanikabidhi mfuko wa plastiki wa dukani uliofungwa fundo mbili. Ndani kulikuwa na bastola yake, risasi kazitoa, kazifunga kwenye soksi.

Sikumuuliza maswali. Nilimpeleka nyumbani tukala ugali, na mke wangu akampigia simu mchungaji. Bastola niliiweka kwenye sefu, rafu ya chini, bado ndani ya mfuko wake. Anakuja kila Jumamosi kucheza karata. Ameanza tena kulala, ameanza tena kunitania kuhusu Yanga. Bastola bado iko humo. Hajaiulizia, nami sijamkumbusha.